Chora ulichokiona ukiwa chini ya meza

Kwa miaka kama sita nilikuwa nauchora urithi wangu vibaya na sikujua. Picha zangu zilijaa vile vitu ambavyo mtu yeyote angevitaja ukimwambia neno "utamaduni": vazi la kale, chombo cha kale, mzee mwenye makunyanzi akitazama mbali. Zilinunuliwa, sikatai. Halafu kwenye maonyesho fulani ya pamoja nikakuta msanii nisiyemjua amening'iniza picha jirani na yangu, na mzee wake alikuwa ndiye mzee wangu. Makunyanzi yaleyale, hata namna ya kutazama. Wote wawili tulichora mtu ambaye hatujawahi kuishi naye.

Kilichonitoa huko ni cherehani ya bibi. Nikiwa na miaka minne au mitano nilikuwa nakaa chini ya meza yake akishona. Siku niliyokaa kumchora kwa kumbukumbu tu, uso wake ulikataa kuja. Kilichokuja ni nyayo mbili zikikanyaga pedali, kisigino cha kushoto kimepasuka, na kitambaa kilichoning'inia ukingoni mwa meza. Mwanga wa dirisha ulipenya kitambaa hicho, ukanifikia umeshakuwa rangi ya chungwa. Nikachora hivyohivyo, bibi bila uso. Mama alipoiona hakuuliza ni nani. Alisema tu, "Jamani, kile kisigino!"

Basi kama unataka kuchora utoto wako, kabla ya kugusa brashi jiulize jicho lako lilikuwa kimo gani. Mtoto huona magoti, mifuko ya nguo, upande wa chini wa meza ambao hakuna aliyehangaika kuupaka rangi. Ukikichora chumba kile ukiwa na kimo chako cha leo, utapata chumba cha mgeni aliyepita kusalimia.

Na usikimbilie albamu ya familia. Picha ya kamera ina kiburi, ukishaitazama inafuta ya kwako. Mimi huanza kwa mkaa, harakaharaka, karatasi tano au sita, ndipo nifungue albamu kutafuta jambo moja tu, mathalani umbo la pedali, kisha naifunga. Mlango ukitoka mkubwa kupita kiasi, uache, maana kwako ulikuwa mkubwa. Mchoraji Marc Chagall, mzaliwa wa Vitebsk katika Belarus ya leo, alihamia Paris, na mwaka 1911 akachora "Mimi na Kijiji": uso wa kijani unatazamana na mnyama, ndani ya kichwa cha mnyama kuna mtu anakamua maziwa, na kule nyuma nyumba nyingine zimesimama kichwa chini. Asingeipata picha ile kwa kupima umbali kwa rula.

Rangi ndiyo iliyonisumbua zaidi. Ile rangi ya chungwa niliichanganya kwanza kwa njano na nyekundu nikaipaka nzito, ikawa inapiga kelele kama bango la dukani. Nikaikwangua. Mara ya pili nilitanguliza njano hafifu sana, karibu na nyeupe, nikaiacha ikauke kabisa, kisha nikapitisha juu yake tabaka tatu nyembamba za kahawia nyekundu inayopitisha mwanga. Mwanga unapenya zile tabaka, unagonga weupe wa chini na kurudi ukiwa umeshika rangi, karibu na kile kilichokuwa kikitokea kwenye kitambaa cha bibi. Ilinichukua wiki mbili kwa eneo lisilozidi kiganja.

Sasa urithi wenyewe, yaani yale mapambo, nakshi na maandishi uliyoyakuta. Watu wengi huyanakili na kuyazungushia picha pembeni kama fremu. Mfano ninaourudia kila ninapofundisha ni Ibrahim El-Salahi wa Sudan, aliyezaliwa Omdurman mwaka 1930, mwana wa mwalimu wa madrasa. Alisoma uchoraji London, akarudi mwaka 1957, akaonyesha kazi zake Khartoum, na watu hawakuvutiwa. Aliacha kuchora kwa muda, akazunguka nchini akitazama maandishi na mapambo ambayo watu waliishi nayo. Aliporudi kwenye kazi alizichukua herufi za Kiarabu alizozijua tangu utotoni akazivunjavunja, na katika vipande vyake zikatokea nyuso na viumbe. Alichokibeba ni mwendo wa mkono unaoandika. Wewe pia kaa na mtu anayejua kufuma, kuchonga au kuandika, umwangalie mkono. Na kama alama fulani ni ya ibada au ya watu maalumu, uliza kwanza kama ni yako kuichora.

Kuna kumbukumbu ambazo zitakuuma, na hapo sina mbinu. Edvard Munch, mchoraji wa Norway, alimpoteza dada yake Sophie kwa kifua kikuu mwaka 1877, binti akiwa na miaka 15. "Mtoto Mgonjwa" aliianza mwaka 1885, na kwa takriban miaka 40 akaichora mara sita. Ile ya kwanza imejaa alama za kukwanguliwa. Ukiona picha moja inakurudisha kila mwaka, irudie. Wala hulazimiki kumwonyesha mtu.

Jambo la mwisho: ndugu zako watakusahihisha. Kaka yangu aliitazama ile ya cherehani, akatikisa kichwa, akasema meza ilikuwa upande wa mlango, dirisha lilikuwa mbali, mwanga ule usingefika pale. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Nimemwambia achore yake, na nasikia ameshanunua penseli.