Laki sita ya waranti ya Noah, usiitoe bado

Dada, kabla hujawapa yadi ya magari hiyo laki sita ya waranti ya ziada ya Noah unayotaka kununua, yaani ahadi ya kukulipia matengenezo ikiharibika, omba karatasi usome vitu wasivyolipia. Mara nyingi bushi, shokapu na breki hazimo, na kwa barabara za vumbi za huku kwetu Arusha ndizo zinazokufa kwanza. Mimi walinikatalia kulipia giaboksi kwa kuwa sikutunza risiti za kubadilisha oili. Iliniuma sana!

Nenda na fundi wako asubuhi, gari ikiwa baridi, asikilize inavyowaka. Kisha, kama gari ina stiki ya kupimia oili ya giaboksi, aichomoe, apanguse kwenye kitambaa cheupe na kunusa. Oili ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, achana na gari hiyo. Ikiwa safi na fundi ameridhika na mengine, nunua, na hiyo laki sita itunze ya matengenezo.