Wahasibu wanahama kila baada ya Septemba

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mweka hazina wa halmashauri huku Tanzania, nina wahasibu saba. Kila mwaka tukishapeleka hesabu kwa CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali), wawili watatu huomba uhamisho. Wanaobaki hawana moyo wa kazi. Mishahara siipangi mimi. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu mweka hazina, mishahara huipangi, ila ratiba ya kazi ni yako. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30 na hesabu zinatakiwa kwa CAG ifikapo Septemba 30. Kama usuluhisho wa benki, yaani kulinganisha vitabu vyenu na taarifa ya benki, umelala tangu Januari, miezi hiyo mitatu hubeba pia kazi ya nusu mwaka: kukesha, Jumapili ofisini, kufukuzia stakabadhi za shule na zahanati. Funga hesabu kila mwezi. Usuluhisho wa kila akaunti uwe tayari kufikia tarehe 10 ya mwezi unaofuata, na saini ya aliyeandaa na ya aliyehakiki. Mali ikinunuliwa iingie kwenye rejista siku hiyo, isingoje Agosti.

Kinachowakimbiza zaidi, kwa maoni yetu, ni hofu. Mhasibu anaambiwa kwa mdomo, "Lipa, viambatisho vitafuata." Visipofuata, hoja ya ukaguzi inamkuta yeye, na aliyeamuru keshahamia wilaya nyingine. Kwa hiyo hati ya malipo isiyo na ankara, mkataba au hati ya kupokelea vifaa irudishwe siku hiyohiyo kwa maandishi, na barua hiyo uisaini wewe, si kijana wa dawati la malipo. Ukilikwepa hili, mengine hayatasaidia. Vilevile anayekwenda likizo asimwachie mwenzake nywila yake ya MUSE, mfumo wa malipo ya Serikali. Anayemkaimu apewe ruhusa yake rasmi kwenye mfumo, maana kila muamala husomeka kwa jina la mwenye nywila.

Likizo za mwaka zipangeni Oktoba hadi Mei. Anayejiandaa na mtihani wa Novemba wa NBAA (bodi ya wahasibu na wakaguzi) apewe yake Oktoba. Malipo ya saa za ziada yaombewe mapema kwenye bajeti. Kama hayamo, usiyaahidi.

Jambo moja la kuangalia: kubaki si kujituma. Mwingine hubaki kwa kukosa pa kwenda, na utamjua kwa hati zinazorudi na kosa lilelile kila wiki. Anayeomba kumfuata mwenzi wake naye si msaliti. Barua yake usiikalie. Ipitishe, na muda uliobaki amfundishe atakayepokea dawati.