Jibu: Kama dadu ya madhara haikurushwa, jeraha limetoka wapi?

Ndugu uliyeuliza, umesema kwamba mhusika wako alichomwa kisu mara moja tu na mlinzi, mwendesha mchezo akatangaza jeraha la daraja la tatu, yaani zito, na wewe hukuona dadu yoyote ya madhara ikirushwa. Sasa wataka kujua kama hiyo ni kanuni au ni uonevu. Mchezo mnaoucheza ni Blades in the Dark wa John Harper, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika uliotoka 2017, ambao mimi nimeuendesha kwa miaka mitatu hapa Mombasa, barazani kwetu Tudor. Kukosekana kwa dadu ya madhara si kosa, kwa kuwa haimo katika kanuni. Kosa, kama lipo, lilitendeka kabla ya dadu kurushwa.

Wengi wetu tumeingia katika michezo hii tukitokea Dungeons & Dragons, ambako dadu ya nyuso 20 huamua kama upanga umempata mtu, kisha dadu nyingine, ya nyuso nane kwa upanga mrefu, huamua umemkata kiasi gani, na kiasi hicho hutolewa kwenye hesabu ya uhai wake. Mchezo wenu hauna hesabu ya uhai. Dadu zake ni hizi hizi za nyuso sita tunazochezea ludo, na idadi unayorusha hutegemea ustadi wa mhusika katika tendo analolifanya. Ukisharusha waangalia moja tu, iliyo kubwa kuliko zote: ikiwa sita, umefaulu, ikiwa nne au tano, umefaulu lakini kuna gharama, ikiwa tatu kushuka chini, mambo yamekwenda mrama. Asiye na ustadi hata kidogo hurusha mbili na kulazimika kuichukua iliyo ndogo. Adui harushi chochote, kwa hivyo rusho lako moja hubeba pigo lako na pigo lake pamoja.

Hapo ndipo hesabu inapofaa. Dadu mbili zina namna 36 za kutua, na kati ya hizo tisa ni za kushindwa, 16 ni za kufaulu kwa gharama na 11 ni za kufaulu bila deni. Maana yake ni kwamba mara 25 kati ya 36 mwendesha mchezo ana haki ya kukudai kitu. Kitu hicho si lazima kiwe jeraha. Aweza kupunguza ulichokipata, kukuzushia tatizo jipya, kukufungia nafasi uliyokuwa nayo, au kukusogeza penye hatari zaidi. Anayejibu kila nne kwa kisu atawamaliza wahusika wote kabla ya adhana ya isha, na nakiri kwamba mimi nilianza hivyo hivyo.

Katika kikao chetu cha pili, mwenzetu mmoja ambaye kazi yake ni kutengeneza majokofu alikuwa na mhusika mwizi wa kupanda mapaa. Alitaka kumpita mlinzi kwenye ngazi nyembamba, nami nikamwambia, "Haya, rusha." Dadu zilitua kwenye sinia ya chai, ambayo huwa tunaitandikia leso ili kelele zisimwamshe mama, zikaonyesha mbili na nne. Nikamwandikia jeraha la daraja la tatu: mbavu zimetobolewa. Akakiweka kikombe chini polepole, akaniuliza, "Bwana, hiyo tatu umeitoa wapi?" Sikuwa na jibu, kwa sababu nilikuwa nimeibuni baada ya kuiona ile nne.

Kanuni inataka ukubwa wa hatari ujulikane dadu zikiwa bado mkononi. Mwendesha mchezo hutaja hali aliyomo mhusika: ikiwa ameidhibiti, jeraha huwa la daraja la kwanza; ikiwa ni ya hatari ya kawaida, la pili; ikiwa ni ya kufa kupona, la tatu. Mchezaji akishasikia "kufa kupona" ana hiari ya kughairi, kutafuta njia nyingine, au kulipa alama mbili za mkazo, yaani mzigo wa uchovu ambao mhusika hujilimbikizia, ili aongeze dadu moja. Tangu usiku ule mimi hulitaja jeraha lenyewe kwa jina, kwa mfano, "Akikuwahi hapo ngazini, ni mbavu," na swali la fundi wa majokofu halijarudi tena.

Jambo la pili, ambalo nahisi hukuambiwa, ni kwamba jeraha likitangazwa bado si lako mpaka ulikubali. Una haki ya kulikinga, na kinga haishindwi. Kinachoamuliwa na dadu ni bei tu. Kwa kisu, hurusha dadu kulingana na uhodari wa mwili wa mhusika wako, kisha watoa ile kubwa kutoka sita, na kinachobaki ndicho mkazo unaolipa. Ukipata tano, walipa mmoja. Ukipata moja, walipa mitano, na kwa kuwa nafasi za mkazo ni tisa peke yake, hiyo ni bei ya kuumiza. Jeraha hushuka daraja au hufutika kabisa, kwa uamuzi wa mwendesha mchezo. Mwenye vazi la kinga aweza kulitumia badala yake bila kulipa kitu.

Kwa wasiopenda mashauriano haya, mchezo mwingine, Apocalypse World wa 2010, una njia kavu zaidi: kila silaha ina namba yake ya madhara, unatoa namba ya vazi la kinga, basi. Mimi binafsi naiona inafaa zaidi kwa kikundi kinachoanza.

Kuhusu mhusika wako, mwombe mwendesha mchezo akuruhusu kurusha kinga sasa, hata kama kikao kilishakwisha, ikiwa hukutajiwa hali wala hukupewa nafasi hiyo. Akikataa, jeraha la tatu litakuzuia kufanya lolote isipokuwa usaidiwe au ulipe mkazo, kwa hivyo tumia muda wa mapumziko wa mhusika kutafuta tabibu. Duara la matibabu, yaani mchoro wa kuhesabia kupona, lina vipande vinne. Likijaa, mbavu hizo zitashuka hadi daraja la pili, ambalo litakupunguzia dadu moja tu pale zitakapokusumbua.