Jicho kufunguka si kupona, acha hiyo chupa ya tatu

Mkuu, hiyo 80,000 irudishe mfukoni. Umesema jicho lilififia wiki tatu, ukanywa chupa mbili za mitishamba likafunguka, sasa ganzi imepanda mpaka kiunoni na unataka chupa ya tatu. Swali lako la kazi tutalifikia.

Mimi nilinunua sita. Sita! Mwaka 2016 jicho la kulia liliuma kila nikilizungusha, rangi nyekundu ikawa kama kutu. Jirani wa Kirumba akanipeleka kwa mzee mmoja, akasema nimetupiwa kitu na mtu wa nyumbani. Baada ya mwezi naona vizuri. Nikamchinjia mbuzi!

Kumbe ilikuwa MS (multiple sclerosis, ugonjwa wa neva), na ndiyo tabia yake. Kinga ya mwili inashambulia utando unaofunika neva za ubongo, macho na uti wa mgongo. Shambulio linakaa siku au wiki, kisha kwa wengi linatulia lenyewe, chupa iwepo isiwepo. Nilimlipa mzee kwa kazi iliyofanywa na mwili wangu.

2018 ikaja ganzi ya miguu. Nikarudi kwake kama kondoo. Eti dawa ya kwanza ilikuwa ya kichwa, ya miguu bei yake nyingine. Kiwanja cha Buswelu kikaenda. Tapeli yule! Tena akanigombanisha na shangazi miaka miwili, shangazi huyuhuyu anayenishika mkono leo nikipanda kivuko pale Kamanga. Ganzi ile haikuisha yote, mguu wa kushoto unaburuta kandambili. Watu wa Mwaloni wanadhani nimelewa tangu asubuhi. Wengine wananionea wivu.

Sisemi una MS. Hata upungufu wa vitamini B12 huleta ganzi, na kuna ugonjwa unaofanana na MS lakini tiba yake tofauti. Ndiyo maana nakupigia kelele: daktari wa neva, MRI (picha ya ndani ya mwili) ya kichwa na uti wa mgongo, kabla ya chupa yoyote. Dawa za kupunguza mashambulio zipo, mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliziingiza tatu kwenye orodha ya dawa muhimu. Haziponyi, na neva iliyokwisha kufa haziifufui. Faida yake ni kuwahi. Mkojo ukianza kugoma, usingoje kesho, nenda usiku huohuo.

Kazi: kama ni MS, jua la saa nane linaweza kukuzidishia ganzi, ukipoa itapungua, usidhani umerogwa upya.

Picha ikitoka rudi hapa useme imeonyesha nini. Na mzee wako akipiga simu, mwambie mwenye kiwanja cha Buswelu anamsalimia.