Maswali na Majibu: Kwa Nini Wengi Hawana Hamu ya Kutawala Ndoto Zao

Katika safu iliyopita nilieleza ndoto ya utambuzi, yaani kuota huku ukijua kwamba unaota, hali ambayo wakati mwingine humwezesha mwotaji kuamua atakalolifanya ndani ya ndoto yenyewe. Barua zilizofuata kutoka Nakuru, Kisumu na kaunti za magharibi zilifanana kwa jambo moja: wachache waliuliza namna ya kujifunza, na wengi waliuliza kwa nini mtu ajihangaishe. Nimechagua sita.

Mwalimu, mimi ni mwanafunzi hapa Njoro. Kwa miezi kadhaa nimejizoeza kutambua ndoto zangu na nimefaulu mara chache. Nikiwasimulia wenzangu bwenini, wanaitikia kwa adabu kisha wanarudia habari za mpira. Je, wanaogopa, au hawajui wanachokikosa?

Mwanangu, sidhani kwamba ni woga, wala sidhani kwamba ni kutojua. Mapitio ya tafiti za miaka 50, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalikadiria kwamba asilimia 55 ya watu wamewahi kuota ndoto ya namna hiyo angalau mara moja maishani, na kwamba asilimia 23 huiota mara moja kwa mwezi au zaidi. Wengi wa waliohojiwa waliishi mbali na Njoro, kwa hiyo tarakimu hizo zichukuliwe kwa tahadhari; hata hivyo, yaelekea baadhi ya wenzako wamewahi kujiambia usingizini, "Hii ni ndoto tu," wakaamka, wakanawa uso na kwenda darasani bila kulifikiria tena.

Kwa nini hawakutamani kurudi huko? Naona sababu mbili. Kwanza ni gharama. Njia inayosifiwa zaidi humtaka mtu aamke baada ya saa tano hivi za usingizi, akae macho kwa muda, akariri nia ya kuitambua ndoto itakayofuata, kisha alale tena. Jaribio lililofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2017, ambalo liliunganisha njia hiyo na zoezi la kujihoji mchana kama uko macho au unaota, lilifaulu kwa takriban asilimia 17 tu ya majaribio. Anayetakiwa kuukatiza usingizi wake usiku baada ya usiku kwa matumaini ya kiasi hicho ana haki ya kukataa.

Sababu ya pili ni faida inayoahidiwa. Wanaoitangaza elimu hii huanza na kuruka angani na kupita katika kuta. Mtu anayelala akiwaza karo na kodi ya nyumba haoni jinsi kuruka huko kutakavyompunguzia mzigo asubuhi. Mimi naliona jambo hili kuwa miongoni mwa maajabu makubwa ya akili ya binadamu, na ninasikitika linapoelezwa kana kwamba ni mchezo. Ukitaka wenzako wakusikilize, waulize kwanza wao wameota nini.

Mimi huuza samaki Kisumu, na huamka kabla ya saa kumi alfajiri ili niwahi ufuoni Dunga. Watu wakizungumza juu ya ndoto mimi hukaa kimya, kwa maana sioti kabisa. Nina kasoro?

Huna kasoro, mama. Karibu hakika unaota, ila ndoto hazibaki nawe. Usingizi wa mtu mzima huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na karibu na mwisho wa kila mzunguko huja kipindi ambacho macho hutembea kwa kasi chini ya kope, na hapo ndipo ndoto nzito hutokea. Mwanzoni mwa usiku kipindi hicho huwa cha dakika chache; kuelekea alfajiri hurefuka sana, hata sehemu kubwa ya ndoto za usiku mzima huangukia theluthi ya mwisho. Anayelala saa tano usiku na kuamka kabla ya saa kumi anaikata theluthi hiyo karibu yote.

Katika utafiti wa Chicago uliochapishwa mwaka 1957, William Dement na Nathaniel Kleitman waliwaamsha watu katika kipindi hicho, na karibu asilimia 80 ya mara walizoamshwa walisimulia ndoto. Walipowaamsha nje ya kipindi hicho, ilikuwa asilimia 7 hivi. Yaani kukumbuka ndoto hutegemea sana dakika unayoamshwa. Ninaamini kwamba hapa ndipo ilipo sehemu kubwa ya jibu la swali lililowashughulisha wasomaji: wachuuzi, walinzi wa usiku na wafanyakazi wa zamu hawawezi kuwa na hamu ya kutawala kitu ambacho riziki yao imekwisha kukipunguza. Wataalamu wanashauri mtu mzima alale angalau saa saba. Ukipata saa moja ya ziada, mama, ilale tu.

Mimi ni mwendesha bodaboda, Kaptembwa. Mtu aliyelala anawezaje kuthibitisha kwamba alijua anaota? Si anaweza kubuni akiamka?

Shaka hiyo walikuwa nayo hata wanasayansi kwa miaka mingi. Katika kipindi cha ndoto misuli ya mwili hulegea kabisa, lakini macho hubaki huru, kwa hiyo mtafiti Keith Hearne alikubaliana na mwotaji aitwaye Alan Worsley kwamba akijitambua ndotoni ayapeleke macho kushoto na kulia kwa mpangilio maalumu. Mwezi Aprili 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, mitambo iliinasa ishara hiyo huku Worsley akiwa usingizini. Stephen LaBerge alipata matokeo kama hayo katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, miaka michache baadaye. Mwaka 2021 maabara za Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi zilitangaza kwamba baadhi ya waotaji walijibu hata hesabu ndogo, kama nane kutoa sita, bila kuamka.

Nyanya yangu, huku Vihiga, anasema ndoto haitawaliwi, husikilizwa. Je, amepitwa na wakati?

Hapana, na nakuomba usimwambie hivyo. Katika eneo letu ndoto imepewa kazi muhimu kwa muda mrefu. Kwa desturi za Wajaluo, mzee aliyefariki huweza kumjia jamaa ndotoni, na mtoto akapewa jina lake. Kanisa la Legio Maria, lililoanzia Nyanza miaka ya 1960, huzipa ndoto na maono uzito mkubwa. Waislamu wa Mumias wanaijua istikhara, na wapo wanaotarajia kuoneshwa jambo usingizini baada ya sala hiyo. Na kila msomaji wa Biblia anamjua Yusufu mbele ya Farao. Kwa mwenye imani hiyo, ndoto ni kama mgeni aliyetumwa na ujumbe, na hakuna anayemkatiza mjumbe ili amfundishe la kusema.

Kwa hiyo nyanya yako huenda anazijali ndoto kuliko sisi sote. Asichokitaka ni kuziamuru, na hilo ni jambo tofauti. Niongeze tu kwamba kutambua na kuamuru si lazima viende pamoja: wapo wanaojua kwamba wanaota na bado wakaiacha ndoto iende itakavyo. Na kwa baadhi ya Wabudha wa Tibet, kujizoeza kuwa macho ndani ya ndoto ni sehemu ya ibada yenyewe.

Tangu nilipopona ajali ya barabarani karibu na Salgaa, ndoto ileile ya lori hunijia mara kwa mara, nami huamka nikipiga kelele. Sina haja ya kuruka angani. Kuna lolote katika elimu hii linalonihusu?

Lipo, ndugu yangu, na barua yako ndiyo iliyonisukuma kuandika safu hii. Watu kama wewe ndio wanaoweza kufaidika zaidi, na ndio wasioambiwa.

Njia iliyochunguzwa zaidi haihitaji hata utambuzi ndani ya ndoto. Mchana, ukiwa umetulia, unaichukua ndoto ile, unaibadilisha kwa namna yoyote unayoona inafaa, labda lori linasimama au wewe unashuka mapema, kisha unaipitia sura hiyo mpya akilini kwa dakika 10 hadi 20 kila siku. Barry Krakow na wenzake waliijaribu kwa wanawake 168 waliokuwa na majeraha ya kiakili baada ya kudhulumiwa kingono, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba ndoto za kutisha zilipungua na usingizi ukawa bora. Utafiti mdogo wa Uholanzi wa mwaka 2006, uliohusu watu 23, uliwafundisha watu wenye jinamizi kuitambua ndoto ikiwa inaendelea. Ndoto za kutisha zilipungua, hata kwa baadhi ya wale ambao hawakufaulu kujitambua. Huenda kule kujua tu kwamba kisa kinaweza kubadilishwa kulikuwa na nguvu yake.

Hata hivyo, usilibebe jambo hili peke yako. Ndoto inayorudia ajali, pamoja na mshtuko na kuepuka barabara, huweza kuwa dalili ya jeraha la kiakili linalotibika. Nenda hospitali ya kaunti, ueleze ndoto hiyo waziwazi, na uombe kuonana na mshauri nasaha au mtaalamu wa afya ya akili.

Nimeona tembe zinazouzwa mtandaoni za kuleta ndoto za utambuzi. Ninunue? Niko Bungoma.

Usinunue. Galantamini, dawa inayotajwa sana, hutumiwa na madaktari kutibu wagonjwa wa Alzheimer. Utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba huongeza ndoto hizo, lakini huweza pia kuleta kichefuchefu na kupunguza mapigo ya moyo, na tembe za mtandaoni hazikuhakikishii kilichomo. Kama umekwisha kuzinunua, mpelekee mfamasia azione kabla hujameza hata moja.