Dogo wa Nyegezi, hilo bango la shimo jeusi USILICHAPE

Kwanza mtoe mchapaji mkononi hiyo flashi. Umeandika "shimo jeusi hupasha gesi joto kwa mwanga wake mkali" na kuchora duara jeusi lenye miale. Dogo, mchoro huohuo niliwahi kuuchapa mimi, mita mbili kwa tatu, hela ya kodi ya chumba Mabatini ikaishia hapo. Siku ya maonyesho, binti wa kidato cha pili akagusa picha ya kundi la galaksi la Perseus niliyoibandika pembeni: "Kaka, haya mashimo mawili kwenye gesi ni ya nini?" Nikamjibu ni kasoro ya kamera. Chandra, darubini ya eksirei iliyoko angani tangu 1999, mimi wa Mabatini nikaisingizia ubovu! Majaji wakaandika kitu kirefu, na hakikuwa pongezi.

Aliyenipoteza ni jamaa mmoja wa semina, shati limenyooka, kila swali jibu lake "ni mwanga, kijana". Popote alipo, chai yake ipoe.

Sasa sikiliza. Mashimo yale ndiyo habari yenyewe. Gesi ya Perseus ina joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi, inang'aa kwa eksirei, na kadiri inavyong'aa ndivyo inavyopoteza joto. Ya katikati ilitakiwa iwe imepoa zamani na kuzaa nyota kwa fujo. Haijapoa. Mwanga haufui dafu, gesi imetawanyika mno, unapenya tu. Shimo jeusi la galaksi ya NGC 1275, iliyo katikati ya kundi hilo, linarusha mikondo miwili ya chembe zenye kasi ya kukaribia nuru. Mikondo inapuliza mapovu yenye upana wa makumi ya maelfu ya miaka ya nuru, yanasukuma gesi pembeni (ndiyo yale mashimo aliyoyaona binti), kisha yanapanda kama dumu tupu ulilozamisha ziwani ukaliachia, yakivuruga kila yanapopita. Mwaka 2003 watafiti wakatangaza kuwa wameona hata mawimbi ya sauti kwenye gesi hiyo. Kama joto linabebwa zaidi na mawimbi au na huko kuvurugika, wataalamu bado wanabishana, kwa hiyo bangoni usijitie hakimu.

Chora mapovu KWANZA. Shimo jeusi liwe nukta tu, hata likisahaulika sawa.

Uliuliza na mengine, nadhani rangi za maandishi na kama Perseus inaonekana kutoka Mwanza. Rangi weka yoyote. Tuma mchoro mpya humu usiku huu, nipo macho.