Maswali ya Wasomaji: Miaka Mitano Bila Kula?

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma kwamba huko Japani kulikuwa na mnyama wa bahari kuu, ndugu wa kaa na kamba, aliyekaa miaka mitano bila kula. Mimi nauza kaa, na wangu wakikaa siku chache tu kwenye tenga wanalegea. Hili linawezekana kweli?
– Msomaji, Pangani

Marahaba, mwanangu. Ni kweli. Alikuwa isopodi mkubwa, urefu sentimita 29, uzito kama kilo moja, akifugwa kwenye akwaria, yaani nyumba ya kuonyeshea viumbe wa majini, ya mji wa Toba huko Japani. Tarehe 2 Januari 2009 alikula samaki wa jamii ya kolekole, gramu 50. Tangu hapo walezi wakimwekea chakula, hali. Akafa tarehe 14 Februari 2014.

Watu wanashangaa alivyofunga. Mimi kinachonishika ni jinsi wenzake wanavyokula, maana ndiko jibu liliko. Mita 2,000 chini hakufiki jua, hakuoti mwani. Kinacholiwa ni kile kinachozama kutoka juu, na mzoga wa maana haupatikani kila siku. Mwaka 2019 watafiti wa Louisiana, Marekani, walishusha mizoga ya aligeta, mamba wa kwao, katika Ghuba ya Meksiko. Hata siku haijaisha, isopodi walishafika. Ngozi ya mamba unaijua ilivyo ngumu. Wao wakatafuta palipo laini, kwapani na tumboni, wakatoboa, wakaingia, wakawa wanakula kutokea ndani. Akishiba mmoja wao, hata kutembea ni shida, tumbo limetanuka hadi kuchukua sehemu kubwa ya mwili. Yale mafuta anayaweka akiba, na kwa kuwa maji ya huko ni baridi, nyuzi 4 hivi, mwili unayatumia kidogo kidogo mno.

Ila miaka mitano usiifanye kuwa desturi ya jamii nzima. Yule alikuwa mmoja, tena ndani ya tangi.

Kaa wako wa mikoko ni habari nyingine. Yuko nje ya maji, kwenye joto letu, amefungwa magando. Kinachomlegeza kwanza ni kukauka, njaa inafuata baadaye sana. Mfunike kwa gunia lililoloweshwa maji ya bahari, mweke kivulini penye upepo kidogo, na usiwarundike wengi kwenye tenga moja.